Kubeba mimba ya wengine si kazi ya miezi tisa

Mhariri,

Matangazo ya kutafuta mama mbadala huvutia kwa mambo mawili: miezi tisa na malipo. Hiyo miezi si tisa. Kazi huanza wiki kadhaa kabla mimba haijaingia na huendelea baada ya mtoto kuchukuliwa, na mikataba mingi haigusi vipande hivyo viwili.

Vipimo ndivyo vya kwanza. Kliniki makini humtaka mwanamke aliyekwisha kuzaa salama angalau mara moja, na humkataa aliyepasuliwa zaidi ya mara tatu, kwa kuwa kovu linaweza kufumuka au kondo la nyuma likajishikiza humo. Damu hupimwa Virusi vya Ukimwi, kaswende na homa ya ini B na C. Usipoulizwa habari za uzazi wako uliotangulia, ondoka.

Halafu dawa. Vidonge vya homoni ya estrojeni, mara nyingi miligramu 2 mara tatu kwa siku, humezwa wiki mbili hivi mpaka utando wa mji wa mimba ufikie unene wa milimita 7 au 8. Hapo huongezwa projesteroni, homoni ya kushikilia mimba, na baada ya siku 5 hupandikizwa kiinitete cha siku ya 5, yaani yai lililorutubishwa maabara na kukuzwa siku 5. Kupandikiza ni dakika chache tu: kibofu kimejaa, mrija mwembamba, hakuna ganzi. Kinachotesa ni sindano. Projesteroni ya mafuta, miligramu 50, hudungwa kila siku kwenye robo ya juu ya tako, upande wa nje, hadi wiki ya 10 au 12 ya mimba. Mafuta yenyewe huwa ya ufuta au karanga, kwa hiyo mwenye mzio aseme mapema. Ni mazito pia: shika chupa kiganjani ipate joto, leo tako la kulia, kesho la kushoto, kisha pasuguliwe na kukandwa kwa kitambaa cha moto, la sivyo hutokea vinundu vinavyouma hata kukaa.

Ukiona matone ya damu, usiache dawa kwa kudhani mimba imetoka. Piga simu kliniki. Katika mpango huu kwa kawaida ovari hazipevushi yai, kwa hiyo hazitoi projesteroni yake. Kabla kondo la nyuma halijachukua kazi hiyo, tegemeo la mimba ni sindano.

Kuna na hili linalosemwa kwa haya: kliniki itakukataza kulala na mumeo kwa muda itakaoutaja. Ukipuuza unaweza kubeba mimba yako mwenyewe, na kipimo cha damu cha siku ya 10 hadi 14 baada ya kupandikiza hakiwezi kuitofautisha na ile uliyopandikizwa.

Kataa kupandikizwa viinitete viwili, hata wazazi unaowabebea wakisihi kwamba wanapunguza gharama. Mapacha mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati, na shinikizo la damu hupanda kwa urahisi zaidi. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2024, ulikuta matatizo makubwa ya kiafya kwa asilimia 7.8 ya mama mbadala, dhidi ya 2.3 ya waliopata mimba kwa njia ya kawaida. Kichwa kikiuma bila kupoa, macho yakiona ukungu, au shinikizo likifika 140/90, usingoje tarehe ya kliniki.

Hapa Kenya, mkataba haukufanyi usiwe mama kwenye karatasi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisikiliza kesi ya mapacha waliopelekwa makao ya watoto baada ya hospitali kutatizika ni nani aandikwe mama. Ikasema ni aliyezaa, mpaka utaratibu wa kisheria ubadilishe hivyo. Basi wakili wako awe wako, si wa wazazi, na aandike nani atalipa usipopata mimba, ikitoka, ukipasuliwa, au mji wa mimba ukiondolewa.

Mwishowe maziwa. Siku ya 3 hadi ya 5 matiti hujaa na kuwa magumu, mtoto hayupo. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa baridi, kamua kidogo tu kupunguza maumivu. Ukikamua mpaka yaishe, mwili huamini kuna anayenyonya na hutengeneza mengine. Daktari anaweza kutoa kidonge cha kabergolini, cha kukausha maziwa, ila si kwa mwenye shinikizo la damu. Homa pamoja na wekundu kwenye titi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Damu nayo huendelea wiki kadhaa, na huzuni hata kwa aliyekuwa radhi tangu mwanzo. Malipo na gharama za matibabu na za mshauri nasaha ziendelee hadi wiki ya 6 baada ya kuzaa, zisiishie siku mtoto anapotoka wodini.

Wakunga,
Nairobi