Kiti kilichozunguka Guadalcanal

Kariakoo, Dar es Salaam

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na za mama zitangulie. Barua yako ilinifikia Ijumaa, nami nimeshaisoma mara mbili. Kumbe ule ubishi wetu wa barazani bado hujauachia! Unashikilia kwamba vita vya Wamarekani na Wajapani kwenye visiwa vya Solomon, katika Vita Kuu ya Pili, vilimalizwa na manowari za kubebea ndege, na kwamba jeshi la anga la mchanganyiko, lenye wakubwa wa kila upande, lisingekwenda bila ugomvi. La kwanza nakukubalia nusu. La pili sikubali hata kidogo, na ndilo lililonishikisha kalamu usiku huu.

Tarehe 20 Agosti 1942 zilitua Guadalcanal, kimoja cha visiwa hivyo, ndege 31 za Marine (wale askari wa Marekani wa kushambulia kutoka baharini), 19 za kupigana angani na 12 za mabomu. Uwanja wa ndege waliuanza Wajapani, Wamarekani wakaunyakua ungali haujaisha, wakaupa jina la Henderson, rubani wao aliyeuawa kwenye mapigano ya Midway. Baadaye kila mwenye ndege alikuja nazo: jeshi la majini, jeshi la nchi kavu, na kuanzia Novemba watu wa New Zealand na ndege zao za Hudson. Tarehe 15 Februari 1943 ndipo wote wakawekwa chini ya amri moja, AirSols, yaani ndege zote za Solomon, chini ya Admirali Halsey aliyekuwa mkuu wa Pasifiki ya Kusini.

Sasa fuata kile kiti cha mkuu wa AirSols. Alianza Mason wa jeshi la majini. Aprili akaja Mitscher, naye wa majini. Julai akakikalia Twining, jenerali wa ndege za jeshi la nchi kavu, na Novemba kikaenda kwa Mitchell wa Marine. Kwa miezi tisa kiti kimeshapita majeshi matatu, na hakuna aliyekifanya cha ukoo wake. Twining ndiye ninayemfikiria zaidi. Januari mwaka huohuo ndege yake iliishia baharini, wakaelea watu 15 kwenye maboya ya mpira kwa siku sita, jua juu na chumvi chini, mpaka ndege za jeshi la majini zilipowaona. Mtu aliyeokolewa vile na jeshi la wenzake, miezi michache baadaye akapewa kuwaongoza haohao. Siamini kwamba aliyasahau yale maboya.

Tena uliniuliza mfano mmoja tu. Chukua asubuhi ya 18 Aprili 1943, alipouawa Admirali Yamamoto, mkuu wa manowari za Wajapani. Simu za siri za Wajapani zilifumbuliwa na wataalamu wa jeshi la majini. Amri ilimpitia Mitscher. Afisa wa Marine alishiriki kupanga njia. Walioruka ni marubani wa jeshi la nchi kavu, kwa ndege za kivita za P-38, kwa kuwa ndizo zilizoweza kwenda mbali vile. Na kiongozi wao aliomba dira kubwa ya jeshi la majini, kwani njia yote ilikuwa juu ya maji matupu, chinichini, mbali na macho ya visiwani. Zilipangwa ndege 18, mbili zikakwama, 16 zikafika kisiwa cha Bougainville karibu na dakika yenyewe. Ukimtoa mmoja wao, safari haipo. Hapo utaniambia waligombana saa ngapi?

Mambo ya Munda, uwanja wa Wajapani hukohuko Solomon, ulinisimulia wewe mwenyewe: Wajapani walivyokata mashina ya minazi na kuviacha vilele vikining'inia kwenye nyaya, uwanja ukajengwa chini ya makuti. Sisi tuliokulia minazini tunajua kazi hiyo ilikuwa kubwa kiasi gani. Basi picha za kutoka angani ziliufichua hata hivyo, na 5 Agosti 1943 ukatekwa. Ndivyo walivyosogea, uwanja kwa uwanja, hadi Torokina, kule Bougainville, ambako 10 Desemba ndege za kivita zilianza kutua. Kutoka hapo Rabaul, ngome kuu ya Wajapani, ilikuwa kiasi cha kilomita 350 tu. Wiki moja baadaye Wamarekani na Wanyuzilandi walikuwa juu yake pamoja.

Ile nusu yako nakupa hapa: Februari 1944 manowari za kubebea ndege ziliipiga Truk, kituo kikuu cha manowari za Wajapani, na siku chache baadaye Wajapani wakaziondoa ndege zao Rabaul. Lakini nani alikuwa amezichosha kwa miezi miwili mfululizo?

Jambo lililonikosesha usingizi ni jingine. Tangu 1942, ndege za Wajapani zikitoka Rabaul zilikuwa na zaidi kidogo ya kilomita 1,000 mpaka Guadalcanal, na njiani zilipita juu ya Bougainville. Huko walijificha Waaustralia wawili, Jack Read kaskazini na Paul Mason kusini (si yule Mason wa kiti), kila mmoja na simu ya upepo. Wakiziona, wanapiga, na Henderson wanapata kama muda wa saa mbili kujiandaa. Bila hivyo zile ndege za kivita za Wildcat, zilizohitaji zaidi ya nusu saa kupanda juu, zingekutwa chini.

Na ile simu ya upepo haikuwa ya kutia mfukoni. Mitambo, betri, injini ya kuchaji na mafuta yake vilitaka wabebaji zaidi ya kumi, milimani, msituni, adui akiwanusa nyuma. Waliobeba ni wenyeji wa kisiwa. Read na Mason tunawajua kwa majina. Jacob Vouza wa Guadalcanal naye tunamjua, aliyefungwa na kuchomwa kwa singe asiseme neno. Wale wenye mzigo begani nimewatafuta majina, nimekosa.

Nakuandikia nikiwa Kariakoo, sahibu, mtaa uliochukua jina lake kwa wapagazi wa Waingereza wa vita vile vya kwanza. Babu mzaa bibi yangu alikuwa mmoja wao, na jina lake halimo popote ila vinywani mwetu. Kwa hiyo nikifika kwenye ile milima ya Bougainville, siwezi kufungua ukurasa unaofuata haraka.

Ukija mwezi ujao, njoo na ile ramani yako kubwa ya Pasifiki. Nataka tuifuate kwa kidole njia waliyopita nayo ile mitambo, kisha ndipo tuendelee kubishana kuhusu manowari.

Ni mimi sahibu yako