Mwenzao alinaswa Kalemie, barua yake haikusomwa

Ndugu Mhariri,

Hadithi yenu ya mfululizo, ile ya jasusi anayetumwa kumtoa mwenzake aliyenaswa katika bandari ya kigeni, naifuata tangu sehemu ya kwanza. Naandika kwa sababu naipenda. Hapa Mwanga, mjini Kigoma, gazeti likifika kwa kinyozi wanaosubiri zamu humwomba mmoja wao aisome kwa sauti, na asiyejua kilichotokea wiki iliyopita husimuliwa kwanza ndipo msomaji aendelee. Ndiyo maana sehemu iliyopita imeniuma. Shujaa ameshuka gatini saa saba usiku, amewamaliza walinzi kwa bastola isiyotoa mlio, amevunja kufuli, amembeba mwenzake begani, na boti ya mwendo kasi ilikuwa imekwisha kuwasubiri. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyeuliza boti ni ya nani. Katika bandari nzima mwandishi hakutuonyesha mtu mwingine yeyote isipokuwa hao walinzi, nao waliletwa wafe tu.

Bandari haiko hivyo. Nenda Kibirizi jioni boti za Kongo zinapopakia saruji na sabuni. Kuli aliyeinama chini ya mfuko anakuona miguu kabla hajakuona uso, na kwa viatu vyako anajua kama wewe ni abiria, mnunuzi au mtu wa ofisi. Mama anayeuza chapati anajua nani amelala pale siku ya pili bila kupanda boti. Nahodha anajua mwezi utatoka saa ngapi. Na wavuvi wa dagaa ndio kabisa: wao huingia ziwani usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo ule usiku wa giza ambao jasusi anautafuta ili ajifiche ndio usiku ambao ziwa lina macho mengi kuliko siku zote. Mwandishi angelijua hilo angepata hadithi kali mara mbili ya hii, maana shujaa wake angelazimika kuwaaminisha watu badala ya kuwapiga risasi.

Lakini lililonisukuma kushika kalamu ni jambo jingine. Ziwa Tanganyika lina kisa cha kweli cha mpelelezi aliyenaswa katika bandari ya ng'ambo, na wenzake walikuwa hapa hapa Kigoma. Wasomaji wengi wa mjini hapa hawajawahi kukisikia.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani ndio waliokuwa wakitawala ziwa. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka uliotangulia, na chini ya Kapteni Gustav Zimmer walikuwa na meli ndogo mbili zenye mizinga, Kingani na Hedwig von Wissmann, pamoja na ile kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kwa reli na kuundwa hapa. Wabelgiji walikuwa upande wa pili, Lukuga, mji tunaouita leo Kalemie, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa ukikatisha maji kuelekea kusini magharibi. Zimmer alijua kuna jambo linaandaliwa kule. Hakujua ni jambo gani.

Mwanzoni mwa Desemba akamtuma Luteni Job Rosenthal na Kingani wakachungulie. Mizinga ya pwani ikawafukuza. Rosenthal hakukubali kurudi na maneno matupu. Usiku akajitosa majini akaogelea hadi karibu na mahali Wabelgiji walipokuwa wakijenga njia ya kushushia meli ziwani. Alikiona alichotumwa kukiona. Kisha akageuka kurudi, na Kingani hakuiona. Fikiria mtu yuko peke yake ndani ya maji yenye mamba, ana habari ambayo wakubwa wake wanaihitaji kuliko kitu chochote, na chombo chake hakionekani gizani. Kulipokucha Wabelgiji wakamkamata.

Hapo ndipo napenda wasomaji wasimame kidogo. Rosenthal akiwa mfungwa alifanikiwa kupata nafasi ya kutuma barua kwa Zimmer. Kwa juu ilisomeka kama barua ya kawaida ya mfungwa. Lakini juu ya karatasi hiyo hiyo alikuwa ameandika ujumbe wa pili kwa mkojo. Mkojo ukikauka hauonekani. Karatasi ikipashwa moto maandishi hujitokeza kwa rangi ya hudhurungi. Ni mbinu ya zamani, inayomfaa mtu asiye na kitu chochote isipokuwa mwili wake na kipande cha karatasi. Barua ikafika. Ikasomwa ya juu tu. Miezi ikapita kabla hajatokea mtu wa kugundua kwamba kuna maandishi mengine.

Na ndani ya miezi hiyo yalitokea haya. Waingereza, washirika wa Wabelgiji, walikuwa wameleta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kutoka London hadi Cape Town kwa meli, kisha kwa reli hadi Katanga, kisha zikakokotwa kuvuka milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, maksai na mikono ya watu, hadi mto Lualaba na reli ya Lukuga. Zikashushwa ziwani siku mbili tatu kabla ya Krismasi. Tarehe 26 Desemba Zimmer akairudisha Kingani kule kule kupeleleza, safari hii chini ya ofisa aitwaye Junge. Mzinga wake ulikuwa unapiga mbele tu. Boti za Waingereza zikatokea nyuma yake, na kwa dakika kama 11 mambo yakaisha: Junge amekufa, Kingani imetekwa, waliosalia wamefungwa. Waingereza wakaitengeneza, wakaiita Fifi, wakaitumia wao.

Kigoma haikujua. Tarehe 9 Februari 1916 ikaenda Hedwig von Wissmann, na hiyo Kingani iliyopotea ikawa miongoni mwa zilizoisubiri. Hedwig ikazamishwa. Mtu mmoja alinaswa, chombo cha kwanza kikamfuata, cha pili kikakifuata cha kwanza, wote katika maji yale yale. Julai mwaka huo, majeshi ya Wabelgiji yakikaribia, Wajerumani wenyewe wakaizamisha Götzen wakiwa wamezipaka mashine zake grisi zisishike kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ni Liemba, meli ambayo babu zetu na sisi tumesafiria hadi Mpulungu.

Mhariri, mimi siwalilii Wajerumani. Walikuja kututawala, na vita ile ya kwao ilichukua vijana wetu kubeba mizigo na kufa njiani. Ninachokisema ni kwamba katika kisa hiki hapakukosekana ushujaa, mizinga wala meli. Palikosekana mtu mmoja wa kuishika ile karatasi karibu na taa. Mwandishi wenu ametumia sehemu nane kutueleza aina za bastola, na mpaka sasa mfungwa wake hajasema neno. Je, anajua nini? Amejaribu kumpelekea nani habari? Aliyepokea alielewa? Hadithi ya kuokoa mtu huanzia hapo, na mtu aliyenaswa naye ni mpelelezi, hajageuka mzigo wa kubebwa begani.

Kisha wako Waafrika. Vitabu vinawataja Zimmer, Rosenthal, Junge na Spicer-Simson, mkuu wa kikosi cha Waingereza. Mabaharia weusi waliokuwa ndani ya Kingani hutajwa kwa jumla. Waholoholo wa Lukuga walisimama juu ya miinuko ya ufukwe wakitazama mapigano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni wao waliojua kilichokuwa kikijengwa pale kabla ya ofisa yeyote wa Kigoma kukijua. Mwandishi wa leo anapoandika bandari isiyo na wenyeji anarudia kosa la vitabu hivyo, na yeye hana kisingizio, kwa sababu ni mwenzetu.

Kama anataka mfano wa watu waliotolewa wakiwa hai, ziwa hili linao pia. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara na Wakuba wake wa kwanza walivuka kutoka Kigoma kwenda Kibamba, upande wa Kongo, kwa siri, kuwasaidia waasi wa huko. Miezi yote iliyofuata watu, silaha na barua vilipita ziwani, na boti za doria zilizoendeshwa kutoka Albertville, Kalemie ile ile, zikiwawinda. Aliyesimamia uvushaji alikuwa Mkuba aitwaye Lawton, jina lake la vita Changa. Mambo yalipoharibika, tarehe 21 Novemba aliwafuata akawaleta Kigoma. Wapiganaji wengi wa Kongo walibaki ufukoni kwa sababu nafasi haikutosha. Nani apande, nani aachwe, na anayeachwa aambiwe nini usoni? Hilo ni swali ambalo bastola ya shujaa wenu haiwezi kulijibu, na ningependa sana kuona mwandishi mwenye kipaji kama huyu akilikabili.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Sehemu ya tisa ikiwa bado haijapelekwa mtamboni, mwandishi amrudishe shujaa wake gatini na ampe angalau kuli mmoja jina, kauli na sababu ya kusaidia au kukataa kusaidia. Na hii ikiisha, mumwagize aandike ya Lukuga. Akija Kigoma nitampeleka Kibirizi na Katonga mwenyewe, akae na manahodha na wazee wa Ujiji waliovuka kwa makasia kabla ya injini. Aje tu wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo, maana mbalamwezi ikitoka wavuvi wa dagaa huanika nyavu na kwenda makwao.

Karani mstaafu wa mizigo,
Mwanga, Kigoma