Barua ya Malalamiko: Programu ya Spining Iliyouzwa kama Maandalizi ya Baiskeli ya Barabarani

Kwa Meneja wa Huduma za Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: PROGRAMU YA SPINING YA WIKI 12 KUTOLINGANA NA TANGAZO LAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni waendesha baiskeli tuliolipia programu yenu ya wiki 12 ya spining, yaani mazoezi ya darasani kwenye baiskeli zisizosogea, ambayo tangazo linaahidi kwamba itajenga nguvu na pumzi za kuendeshea baiskeli barabarani. Kinachofundishwa darasani hakifikishi mtu huko. Tunaandika kwa urefu kwa sababu kasoro nyingi zinarekebishika bila kununua hata baiskeli moja mpya.

Hatupingi spining. Ilianza Marekani katika miaka ya 1980, pale Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini, alipojitengenezea baiskeli ya kufanyia mazoezi ya mbio ndefu akiwa ndani. Kwa hiyo asili yake ni mwendesha baiskeli mwenyewe, na ikitumiwa vizuri bado inamfaa.

Kasoro ya kwanza ni vipimo. Mgeni huambiwa alinganishe kiti na mfupa wa nyonga, muziki unawashwa, basi. Mfupa wa nyonga ni pa kuanzia tu. Mtu asimame bila viatu, abane kitabu katikati ya mapaja hadi kiguse juu kabisa mapaja yanapokutana, apimwe kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, kisha urefu huo uzidishwe kwa 0.883. Jibu ndilo umbali wa kuanzia kati ya ekseli ya krenki (mikono inayobeba pedali) na uso wa kiti: mwenye sm 80 anaweka sm 70.6. Baada ya hapo anapanda, na pedali ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika nyuzi 25 hadi 35. Kiti kikiwa chini mno, goti huuma kwa mbele kwa kuwa kifupa chake hugandamizwa kila mzunguko. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia, ngozi huchubuka, na maumivu huhamia nyuma ya goti. Kiti pia kina mbele na nyuma: krenki zikiwa zimelala sambamba na sakafu, uzi wenye kijiwe ukishushwa kutoka mbele ya goti uangukie karibu na ekseli ya pedali. Kazi hii ni ya dakika chache kwa kila mtu, na namba zikiandikwa kwenye kadi yake hairudiwi kila siku. Lakini kwenye baiskeli zenu kadhaa namba za nguzo ya kiti zimefutika, na pini za kufungia haziingii tunduni mpaka mwisho. Hilo la pini ni la usalama, lishughulikiwe leo.

Pedali nazo zinatutia wasiwasi. Mikanda ya vikapu vya miguu imekatika, na mguu ukichomoka kwenye baiskeli za aina hii hakuna nafuu. Gurudumu zito limeungana na krenki moja kwa moja, kwa hiyo ukiacha kukanyaga pedali zinaendelea kuzunguka na kukupiga kwenye muundi. Kila mgeni anapaswa kuoneshwa namna ya kubonyeza chini nobu, kile kitufe cha kuongeza na kupunguza uzito wa pedali, ili gurudumu lisimame, kabla hajakanyaga hata mara moja. Pedali za kushoto zinazocheza zinaonesha fundi anakazia upande usio wake: hesi (mikato ya skrubu) ya pedali ya kushoto imegeuzwa, hukazwa kinyume cha saa. Asafishe hesi, apake grisi kidogo, aanze kuingiza kwa vidole, ndipo akaze kwa spana. Akilazimisha hesi ikiwa imepinda, atakayoiua ni krenki.

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe, na hapa ndipo ahadi yenu inapovunjika.

Wakufunzi wanataka watu wazungushe mizunguko 130 kwa dakika nobu ikiwa imelegezwa kabisa. Kwa mwendo huo gurudumu ndilo linaloizungusha miguu. Mapigo ya moyo yanapanda kwa sababu ya mtikisiko, makalio yanarukaruka juu ya kiti, lakini misuli haisukumi chochote cha maana. Mafunzo ya spining yenyewe yameweka mipaka tangu zamani: mizunguko 80 hadi 110 kwa mwendo wa tambarare, na 60 hadi 80 kwa mlima. Chini ya 60, nobu ikiwa imekazwa mpaka mtu anasukuma kwa uzito wa mwili wote, magoti ndiyo yanayolipa. Kupiga pushapu kwenye usukani na kunyanyua vyuma vidogo huku miguu ikizunguka tunaomba viondolewe kabisa. Vyuma hivyo ni vyepesi mno kujenga mikono, vinamwondoa mtu kwenye mkao, na vinapunguza wati anazotoa, yaani kipimo cha nguvu anayoweka kwenye pedali. Mwendesha baiskeli hapati faida yoyote hapo.

Halafu kuna namba za kwenye skrini. Darasa la dakika 45 linaisha na skrini inamwambia mtu wa kawaida kwamba amechoma kilokalori 800. Hesabu inakataa. Mwili hugeuza kati ya asilimia 20 na 25 tu ya nishati yake kuwa kazi kwenye pedali, kwa hiyo kilojuli za kazi iliyofanyika hukaribiana sana na kilokalori zilizochomwa. Dakika 45 ni sekunde 2,700. Mtu anayetoa wati 150 amefanya kazi ya kilojuli 405, yaani takriban kilokalori 400. Ili afike 800 ingebidi ashikilie wati 300 darasa zima, jambo ambalo huwezi kulitarajia kwa mtu asiye na mazoezi ya muda mrefu. Atakayekula kwa kufuata skrini hiyo atashangaa mwili haupungui, na atakayejipima kwa wati hizo atakuwa anajidanganya. Skrini nyingi za aina hii hazipimi nguvu hasa. Zinakadiria kutokana na mahali ilipo sumaku inayotia uzito kwenye gurudumu na mizunguko ya pedali, na sumaku ikisogea kidogo makadirio yanapotea. Kwenye baiskeli zenye pedi ya breki hali ni ngumu zaidi, kwani pedi ikilika au kukauka, mzunguko uleule wa nobu hautoi uzito uleule. Kama kusawazisha vipimo hakufanyiki kwa ratiba, basi kila mtu apewe baiskeli moja ya kudumu, ili angalau ajilinganishe na yeye mwenyewe.

Mpango wa wiki ndio tunaoulaumu kuliko yote. Darasa la wiki ya kwanza na la wiki ya mwisho halina tofauti isipokuwa nyimbo. Kupasha mwili moto ni wimbo mmoja. Vipindi vya kukaza vinafuata urefu wa wimbo, vyote kwa amri ya kutoa nguvu zote, na kupumzika hakujulikani. Mtu akiambiwa atoe nguvu zote mara nyingi hivyo, hazitoi hata mara moja. Anaishia katikati: si kazi kali ya kutosha kupandisha uwezo wake wa juu, si nyepesi ya kutosha kumjengea msingi.

Mpango unaofaa unaanza kwa kipimo. Baada ya kupasha mwili vizuri, mtu aendeshe dakika 20 kwa nguvu ya juu kabisa anayoweza kuishikilia bila kushuka, kisha wastani wa wati uzidishwe kwa 0.95. Aliyepata 200 anaandika 190, na hapo ndipo kizingiti chake, yaani nguvu anayoweza kuishikilia kwa muda mrefu. Siku moja darasa liwe hivi: dakika 10 za kupasha, vipindi 3 vya dakika 8 kwa asilimia 90 hadi 95 ya kizingiti, dakika 3 nyepesi katikati yake, na dakika 5 za kupoza mwili. Jumla ni 45 kamili. Siku nyingine, angalau siku mbili baadaye: dakika 12 za kupasha, vipindi 4 vya dakika 4 ambavyo mapigo yanafika asilimia 90 hadi 95 ya kiwango cha juu cha moyo, mapumziko ya dakika 3 kila katikati, na dakika 8 za kupoza. Siku zinazobaki ziwe za mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima. Kazi iongezwe kidogo kwa wiki tatu, ya nne ipunguzwe, kisha kipimo kirudiwe. Muziki ubaki, hatuna ugomvi nao, ila saa ndiyo iongoze.

Feni pia ziwashwe. Mkufunzi anayezizima kwa madai kwamba jasho ni mafuta yanayoyeyuka anapotosha watu. Barabarani mwendesha baiskeli hupozwa na upepo wa mwendo wake mwenyewe. Ndani asipopozwa, damu nyingi huenda kwenye ngozi na mapigo hupanda hata kama wati hazijaongezeka, kwa hiyo anayefuata mapigo anadanganyika kuhusu kazi aliyofanya.

Jambo zito kuliko yote tumeliweka hapa makusudi. Madaktari wameripoti mara kadhaa watu waliolazwa hospitalini baada ya darasa lao la kwanza la spining, wakiwa na misuli ya mapaja iliyovunjika na kumwaga kemikali zake kwenye damu kiasi cha kudhuru figo. Dalili huja ndani ya siku moja hadi tatu: mapaja kuuma kupita kawaida, kuvimba, kulegea, na mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi. Mwenye dalili hizo aende hospitali mara moja, asingoje ziishe zenyewe. Wageni wenu hawaambiwi lolote. Wanawekwa mstari wa mbele na kushangiliwa wasikae chini. Darasa la kwanza lingekuwa la dakika 20 hadi 30, wakiwa wamekaa, kwa nguvu ndogo, na ruhusa ya kutoka iwe wazi.

Tunaomba yafuatayo ndani ya siku 14: baiskeli zote zikaguliwe pini, pedali na mikanda, kila mshiriki apimwe na apewe kadi, mpango wa wiki 12 uandikwe na ubandikwe ukutani, na onyo kwa wageni lianze kutolewa darasani. Tangazo nalo lirekebishwe. Liseme kwamba programu hujenga moyo, mapafu na miguu, lakini haifundishi kukata kona, kufunga breki, kubadili giya, kuendesha kwenye kundi wala kukaa juu ya kiti kwa saa tatu. Hayo hupatikana barabarani tu, na mteja ana haki ya kuyajua kabla hajalipa.

Kama hamtaweza kuyatekeleza, tunataka turudishiwe ada ya wiki zilizobaki, pamoja na majibu ya maandishi.

Wenu,

Washiriki wa programu ya wiki 12