Masanja, waya huo usiutandaze wote

Tanga

Ndugu yangu Masanja,

Salaam nyingi. Natumaini nyumbani wote wazima na Mama Neema goti limepoa. Huku hatujambo, joto tu. Najua nimekaa kimya sana, nisamehe, ila salamu ndefu tutapeana siku nyingine, maana Kheri ameniambia Jumamosi unapandisha antena ya redio yako ya ridhaa. Ameniambia pia kwamba umenunua roli zima la mita 100 na unataka kutandaza mita 40 kamili kutoka barazani hadi kwenye lile jiwe la juu, ufungie transfoma ya 9 kwa 1, ile inayogawa ukinzani wa waya kwa 9. Ndiyo maana naandika haraka. Masanja, usiukate waya kabla hujasoma hadi mwisho.

Mita 40 ndio urefu mbaya kuliko yote kwa transfoma hiyo. Kwenye 7.1 MHz, yaani bendi ya mita 40, nusu wimbi la waya ni mita 20.1 (gawa 143 kwa masafa), kwa hiyo mita 40 ni nusu mbili kamili. Waya wenye nusu wimbi kamili, moja au mbili au tatu, una ukinzani mkubwa sana mwishoni, elfu mbili na nusu hadi elfu tatu za omu. Gawa 3,000 kwa 9 upate kama 330, wakati redio inataka 50. Hapo SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, 1 ndiyo bora) inapita 6, na tyuna ya ndani ya redio yako, kile kifaa cha kuilinganisha na antena, inaweza 3 tu. Itahangaika kubofyabofya na mwishowe itakataa. Tena utakutana na hali hiyohiyo kwenye bendi za mita 20, 15 na 10, maana masafa yake (14, 21 na 28 MHz) yote ni mazidisho ya 7.

Ukitaka kubaki na 9 kwa 1, kata urefu unaokwepa hizo nusu kwenye kila bendi: mita 21.6 au mita 17.7. Zote mbili zinafanya kazi vizuri na tyuna. Watu wengi wangekwambia uishie hapo.

Lakini wewe unakaa Isamilo, Mwanza, juu ya mwamba. Kwa jinsi ninavyoliona jambo hili, urefu wa uwanja si kitu, chini kuna nini ndilo swali. Waya wa 9 kwa 1 unaingia na mkondo mkubwa pale pale kwenye transfoma, na mkondo huo lazima upate njia ya pili: ardhi, au waya wa chini. Huku kwetu kwenye mchanga wenye chumvi fimbo ya shaba inazama kwa nyundo na kazi imekwisha. Kwako fimbo inagonga mwamba baada ya shubiri moja. Nguvu yako itapotea kupasha jiwe joto, na SWR itaonekana nzuri kabisa. Hilo ndilo linalowadanganya watu: SWR nzuri haikuambii nguvu imekwenda wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni nusu wimbi yenye transfoma ya 49 kwa 1. Mwishoni mwa nusu wimbi volti ni kubwa ila mkondo ni mdogo mno, kwa hiyo ardhi haina kazi kubwa. Waya wa chini wa mita 2 unatosha, ulale tu kwenye jiwe. Na waya mmoja wa mita 20 hivi unakupa bendi za mita 40, 20, 15 na 10 bila kugusa tyuna, au kwa kuigusa kidogo.

Transfoma yenyewe: pete ya feriti ya FT240-43, mizunguko 2 upande wa redio na 14 kwa jumla upande wa antena. Ile miwili ya kwanza isokote pamoja na waya mrefu. Weka kapasita ya pikofaradi 100 ya volti 3,000 kwenye tundu la kuingilia, bila hiyo bendi ya mita 10 itakusumbua. Usitumie kapasita ndogo za redio mbovu, zitapasuka. Kwa wati 100 za sauti pete hiyo inatosha. Kwa FT8 (ujumbe wa kompyuta), ambayo inarusha mfululizo, shusha hadi wati 40 au 50, la sivyo pete inapata moto na SWR inaanza kupanda taratibu huku ukitazama. Ukiona hivyo acha kurusha, usiongeze tyuna. Kheri anapanda basi kuja huko Alhamisi, nimempa pete mbili na kapasita, usimlipe chochote.

Waya: ule wa nyumba wa milimita mbili na nusu, wa nyuzi nyingi, unafaa. Plastiki yake inapunguza mwendo wa wimbi kidogo, kwa hiyo hutakata 20.1 hivi hivi. Anza na mita 20.8, upandishe, upime, kisha kunja ncha ya mwisho urudi nyuma sentimita 10 kila mara. Kila sentimita 10 inasogeza bendi ya mita 40 kwa kama kiloherzi 35. Lenga SWR ndogo kabisa iangukie 7.03 hadi 7.05 MHz, usilenge katikati ya bendi, kwa sababu bendi za juu huangukia juu kidogo kuliko zidisho kamili. Ukilenga 7.15, mita 15 itakutoroka kabisa. Ukiridhika ndipo ukate.

Kuhusu kimo: kwenye mita 40 mkondo mkubwa uko katikati ya waya, kwa hiyo nyanyua katikati kuliko ncha. Transfoma ikae mita 2.5 ukutani ambapo watoto hawafiki (ncha ile ina mamia ya volti ukirusha wati 100, inaunguza), katikati mita 8 au 9 kwenye mwembe. Kimo hicho kinakupa Dar, Nairobi na Kampala mchana kwa mita 40, na kwa Ulaya na Ghuba utatumia mita 20. Bendi ya mita 80 achana nayo kwa sasa. Radi za Ziwa Victoria zinaijaza kelele karibu usiku kucha majira ya mvua.

Mwembe unayumba, kwa hiyo usifunge kamba moja kwa moja. Pitisha kwenye kapi na uning'inize jiwe la kilo 5. Ile kamba ya bluu ya dukani inaoza juani, tafuta ya poliesta.

Kebo ya RG-58, inayotoka kwenye transfoma hadi redioni, isizidi mita 15. Pale inapoingia dirishani izungushe mara 11 kwenye ile pete ya pili, FT240-31, nimeiandika kwa kalamu nyekundu. Usiiruke hatua hii. Bila hiyo kebo yenyewe inageuka kuwa antena: maikrofoni inauma mdomo, na kelele yote ya inveta ya sola ya jirani inaingia redioni. Ukiwa na kelele nyingi, tatizo ni hapo mara tisa kati ya kumi, si kwenye waya.

Narudi kwenye urefu kwa sababu najua utaona kama mita 80 za waya zimebaki kwenye roli na mkono utawasha. Waya mrefu kweli, wa mawimbi manne, yaani mita 84 kwenye bendi ya mita 20, unarusha kwa ndimi nyembamba, kama digrii 26 kutoka mstari wa waya. Kwako mstari huo unaelekea wapi? Kama ni mashariki, Ulaya haitakusikia vizuri, maana iko kaskazini kidogo kuelekea magharibi. Tena ungevuka nyaya za TANESCO, na hapo sina mjadala: waya usipite juu wala chini ya umeme, na uwe mbali kiasi kwamba ukikatika hauwezi kuzifikia hata kwa upepo. Wingu likianza kujikusanya ziwani, chomoa kebo uiache nje ya nyumba.

Sasa nijibu haya. Nguzo ya umeme iko mita ngapi kutoka mwembe? Jiwe la juu ni lako au la Mzee Lameck, na umemwomba? Una NanoVNA (kile kipimo kidogo cha antena) au utapima kwa redio? Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, umeshahuisha? Na yule kijana wa Nyakato aliyetaka kujifunza redio za ridhaa, bado anakuja? Mwite Jumamosi ashike kamba. Jumapili saa nne asubuhi nitakuwa nasikiliza 7.100, ukiwa tayari niite.

Wako,
Mbaruku