Picha za vijana wa Dodoma ziwe na majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mtu anayeijua Dodoma kwa magazeti tu anaona Bunge, misafara na mawe ya msingi. Kijana wa Chang'ombe au Nkuhungu huingia ukurasani pale inapoandikwa habari ya uhalifu au ya ukosefu wa ajira. Anapigwa picha kwa mbali, chini panaandikwa "vijana wakiwa kijiweni", basi. Jina hana. Hili linaniuma.

Mji huu una muziki wake. Ingia kwenye studio za uswahilini uone: chumba kimoja cha kupanga, kuta zimebandikwa trei za mayai, mlangoni limening'inia blanketi zito. Mtu akianza kurekodi feni inazimwa, maana maiki inanasa kila kitu, na joto la Novemba hapa kwetu unalijua. Anayechana, yaani anayerap, ameshika daftari la shule, mistari imekatwakatwa na kuandikwa upya, jasho linadondokea karatasi. Wenzake wamekaa sakafuni wakitikisa vichwa bila kutoa sauti. Humo nimesikia biti iliyojengwa juu ya zeze, ala ileile ambayo marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa hapa, aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia.

Wapo vijana wanaopiga picha za haya yote, kwa simu au kamera ya kuazima, na baadhi yao wana jicho kali kweli. Picha zinawekwa kwenye status ya WhatsApp, baada ya saa 24 hazionekani tena. Simu ikiibwa, ndiyo zimekwenda.

Miaka ya 1960, Mali ikiwa imetoka kupata uhuru, mpigapicha Malick Sidibé alizunguka na kamera kwenye sherehe za vijana wa Bamako. Akitoka huko anasafisha picha usiku huohuo, kisha anazibandika nje ya studio yake ili waliopigwa waje wajitafute na kuagiza nakala. Aliwapiga kama watu anaowajua, na wao walijiona wamependeza. Mwaka 2007 alitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa kule Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake, Mwafrika wa kwanza kuipata heshima hiyo.

Dodoma ilitangazwa kuwa jiji Aprili 2018 na inajengwa kwa kasi. Chumba kilicho studio leo, mwakani kinaweza kuwa fremu ya duka.

Kwa hiyo, Mhariri, watengee wapigapicha hawa nusu ukurasa kila mwezi, na uwalipe. Kila picha ibebe jina la aliyepigwa, mtaa, tarehe na jina la mpigaji. Ridhaa iombwe kwanza, na anayekataa aachwe, maana wapo ambao nyumbani hawajui kama wanachana. Nakala zilizochapwa zipelekwe Maktaba ya Mkoa, na mimi niko tayari kuchangia gharama za kuchapa.

Msomaji wako,
Area C, Dodoma