Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Historia, Mombasa

Ndugu wanachama, assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Matembezi ya Fort Jesus, ile ngome ya Wareno hapa Mombasa, yalifanyika. Wanafunzi walipelekwa kuona michoro ya Wareno, zile merikebu na makanisa yaliyochorwa ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Usafi wa Mji wa Kale ulifanyika. Mkutano wa Machi ulivunjika kwa kukosa akidi, na ule wa Julai tulihudhuria watu tisa, wanne kati yetu wakiwa kamati. Daftari la mahudhurio analo katibu, na anayetaka kujua amekosa mara ngapi amuulize. Inauma kukodi viti na kuvirudisha havijakaliwa.

Sasa nije kwenye kijitabu chetu cha historia ya ngome hiyo, tulichowachapishia watoto wa shule, maana ndicho kilichozua maneno mwaka mzima.

Mmelalamika kwamba mwaka 1631, Yusuf bin Hasan alipoiteka ngome, tumeupa kurasa sita, na kuzingirwa kwa ngome na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 tukakupa mbili tu. Ni kweli, na pendekezo hilo nililileta mimi. Habari za Waomani kuwatoa Wareno kila mtoto wa hapa amezisikia. Yusuf bin Hasan je, wangapi wanamjua? Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa baada ya kugombana na kapteni wa Kireno. Mtoto akapelekwa Goa, makao ya Wareno huko India, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme chini ya macho ya ngome ile ile. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ndani na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na ngome ikawa yake. Mwaka uliofuata manowari za Wareno zilikuja kuikomboa zikashindwa. Baadaye Yusuf mwenyewe aliiacha akaingia baharini, ndipo Wareno wakarudi.

Wapo walioniambia tumemfanya shujaa. Wengine wakaniambia tumemchafua, kwa sababu tumeandika kwamba Wakristo waliokataa kusilimu, Wareno na Waafrika, wake kwa waume, waliuawa. Malalamiko yote mawili yalinifikia wiki moja. Jibu langu kwa pande zote ni hili: yote mawili yalitokea, na kijitabu cha watoto wa shule hakiwezi kubeba nusu ya habari. Sikubali kuondoa hata sentensi moja.

Tena, simameni langoni mwa ngome mwangalie juu. Lile jiwe la 1635 linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni wa miaka 27, kwa kuikarabati ngome na kwa kuwaadhibu watu wa Pate na Siyu, miji ya upande wa Lamu, hadi kuta zao zikabomolewa. Maneno hayo yamekaa juu ya vichwa vya wapitaji karibu miaka 400. Je, kurasa sita za upande wa pili ndizo zimezidi? Waliosema fedha zimepotezwa wakumbuke pia kwamba malipo ya awali ya mpiga chapa niliyatoa mfukoni mwangu, nikarudishiwa baada ya miezi minne.

Kuhusu fedha: ada 46,000, mauzo ya kijitabu 28,000, michango 31,000, jumla shilingi 105,000. Uchapishaji 85,000, mengineyo 14,500. Salio ni 5,500. Tuko wanachama 64, na waliolipa ada ya 2,000 ni 23. Baadhi ya waliopinga kijitabu kwa sauti kubwa hawamo katika hao 23, na nalisema hili bila kumtaja mtu.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuandika kuhusu miaka ambayo ngome ilikuwa jela, 1895 hadi 1958, wakati wazee wenye kumbukumbu bado wako nasi. Tunatumaini pia kupata mfadhili, na pengine chumba cha kudumu cha mikutano. Nakala za kijitabu zilizobaki ziko kwa mweka hazina, shilingi 200 kila moja. Ada zipokelewe kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Mwenyekiti