Nusu yao vichaa?

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nilicheka pale ulipoandika kwamba Wamarekani "siku hizi nusu yao ni vichaa". Nusu hiyo naijua ilikotoka. Katika utafiti wa kitaifa wa 2001 hadi 2003, watu kama 46 katika kila 100 walionekana kuwahi kupata maradhi fulani ya akili maishani. Kuwahi, si kuwa nayo leo. Tena humo ndani kuna hofu kali ya buibui na ya kupanda juu. Hao nao utawaita vichaa?

Mimi kinachonisumbua zaidi ni nani kahesabu, na kwa jina gani. Chukua sensa yao ya 1840. Ilitoa kwamba katika majimbo yasiyo na utumwa, mtu mweusi mmoja katika kila 162 ni mwendawazimu, na kwenye utumwa ni mmoja katika 1,558. Wanasiasa wa Kusini, kulikokuwa na utumwa, walishangilia: kumbe uhuru unawatia watu weusi wazimu! Mwaka 1844 John C. Calhoun, waziri wa mambo ya nje, alizitumia hesabu hizo kuutetea utumwa. Daktari Edward Jarvis alipozipitia safu moja moja, alikuta mji wa Worcester, Massachusetts, umeandikiwa wendawazimu weusi 133. Walikuwa wagonjwa weupe wa hospitali ya wendawazimu ya mji huo, wameingizwa safu siyo. Miji mingine ilikuwa na wendawazimu weusi bila kuwa na mkazi mweusi hata mmoja. Sensa yenyewe haikusahihishwa.

Sasa njoo karibu. Watafiti walipita majumbani 1990 hadi 1992, wakarudia ile 2001 hadi 2003. Kwa watu wa miaka 18 hadi 54, waliokuwa na maradhi ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 29.4, kisha 30.5. Ni kama hakuna kilichobadilika. Kilichopanda ni matibabu: katika wagonjwa hao, waliotibiwa walitoka asilimia 20.3 hadi 32.9. Kwa hiyo ukiona vidonge vingi na foleni za washauri, usikimbilie kusema wagonjwa wameongezeka.

Ila kwa vijana nakubali, wagonjwa wameongezeka. Wa miaka 12 hadi 17 waliopata sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ndani ya mwaka walikuwa asilimia 8.7 mwaka 2005, wakafika 11.3 mwaka 2014. Hapo siwezi kubisha.

Na mpaka wenyewe huhama. Zamani mwongozo wa madaktari wa akili wa huko ulisema aliyefiwa, kama miezi miwili haijapita, kwa kawaida asihesabiwe kuwa na sonona. Mwaka 2013 kipengele hicho kiliondolewa. Nilipokisoma nilikumbuka mwezi ule baada ya mama kuondoka. Wewe ndiye uliyekuwa ukiingia na kunikuta kitandani saa sita mchana, pazia limefungwa, chai ya asubuhi imepoa pembeni sijaigusa. Kwa mwongozo wa zamani labda nisingehesabiwa. Kwa huu mpya huenda ningehesabiwa. Uliniona kwa macho yako, Mwanaidi. Wewe ungeniandika safu gani?

Wako,
Rehema